Corvette ya 1980 yenye injini ya 305: ya kubandikwa, au ya California?

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi ni mtu wa Mombasa, ila huu ni mwaka wa tisa niko Sacramento, California, naendesha lori. Nimepata Corvette ya 1980, lile gari la michezo la Chevrolet, nyeupe, gia otomatiki, imekaa kwa familia moja tangu ikiwa mpya. Nilipomtumia mwenzangu picha akacheka: injini ni 305, yaani ukubwa wa inchi za ujazo 305, na yeye anasema Corvette haijawahi kutoka kiwandani na 305, hiyo imeng'olewa kwenye gari la kwendea sokoni ikabandikwa humo. Orodha ya injini niliyoisoma mimi pia inataja 350 tu. Je, nauziwa mbuzi kwenye gunia? Na nikilichukua gari, naweza kuweka 350? Ndoto yangu ni siku moja lishuke bandarini Kilindini.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako amecheka mapema. Corvette ya 1980 yenye injini ya 305 ipo, na ilitoka nayo kiwandani St. Louis, Missouri. Mwaka huo kiwanda kilitoa Corvette 40,614, na kati ya hizo 3,221 zilifungwa 305. Zilikusudiwa jimbo moja tu, nalo ndilo hilo unaloishi. Mtu aliyeingia kwa muuzaji wa Chevrolet Los Angeles, au hapo hapo Sacramento, mwaka 1980 akasema anataka Corvette mpya, hakuulizwa anataka injini gani. Alipewa 305 na gia otomatiki. Kwenye karatasi ya bei akapunguziwa dola 50, kama muuza mitumba anavyokupunguzia ukimwonyesha kifungo kilichokatika.

Kwa hiyo gari ulilonieleza liko vile linavyotakiwa kuwa. Lingekuwa na 350 na gia za mkono, halafu muuzaji aape kwamba babu yake alilinunua jipya California mwaka ule, hapo ndipo ningekwambia ushike mfuko wako vizuri.

Sijasema bado kwamba hilo lako ni halisi. Nimesema linaweza kuwa halisi, na pa kutazama nitakuonyesha. Ila kwanza nivumilie, maana kosa la mwenzako ni la wengi, nami nimelifanya. Tunasoma orodha ya injini za mwaka fulani tukaichukulia kama menyu ya hoteli, kwamba kila kilichoandikwa kipo jikoni na kila mteja anaweza kukiagiza. Nawe mtu wa Mombasa unajua hata menyu ya hoteli haiaminiki kiasi hicho. Katika magari ya Marekani ya zamani, injini uliyoweza kuipata ilitegemea unaishi wapi, umechagua gia boksi gani, unataka kiyoyozi au hutaki, na wakati mwingine muuzaji wako anamjua nani huko makao makuu.

Tuanze na huo mwaka wako. Katika majimbo mengine orodha ya 1980 ilikuwa na injini mbili, zote 350, yaani inchi za ujazo 350, sawa na lita 5.7. Ya kawaida iliitwa L48, nguvu farasi 190. Ya kuongezea pesa, dola 595, iliitwa L82, farasi 230. Ya California iliitwa LG4: inchi 305, lita 5.0, farasi 180. Mwenzako amesoma mstari wa kwanza na wa pili, wa tatu hakuufikia.

Kwa nini California? Los Angeles imekaa kwenye bonde, milima huku na bahari kule, na jua lake halichoki. Moshi wa magari ukipanda hauna pa kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akifundisha Caltech, chuo kikuu cha huko huko California, alionyesha kwamba ile hewa ya kahawia iliyokuwa ikiwatoa watu machozi inatokana na mvuke wa petroli usioungua na gesi za naitrojeni za kwenye ekzosi, vikipikwa na jua. Mwaka 1967 California ikaunda bodi yake ya hewa, Haagen-Smit akawa mwenyekiti wa kwanza, na sheria ya taifa ya mwaka huo huo ikaliruhusu jimbo liweke viwango vikali kuliko vya nchi nzima. Tangu hapo Detroit, mji wa kampuni za magari, ikawa kama inauza magari kwa nchi mbili: California, na Marekani iliyobaki.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanadhani California iliipiga marufuku 350. Haikuipiga marufuku. Sheria haikujali ukubwa wa injini. Ilipima gramu za uchafu kwa kila maili. Lakini kabla ya kuuza, kampuni ilibidi ithibitishe kila familia ya injini, yaani kila kundi la injini za aina moja, na uthibitisho huo haukuwa kazi ya asubuhi moja. Gari la majaribio liliendeshwa maili 50,000, kama kilomita 80,000, huku likipimwa moshi njiani ili ionekane kwamba vifaa vyake havichoki. Piga hesabu kama mwenye duka. Corvette zinazokwenda California ni elfu chache kwa mwaka. Kuithibitisha 350 kwa ajili ya hizo tu, tena mara moja kwa otomatiki na mara nyingine kwa gia za mkono, ni gharama kubwa kwa mauzo madogo. Wakati huo huo 305 iko tayari, inafungwa kwa wingi kwenye magari mengine ya Chevrolet. Basi ikachukuliwa iliyopo. Camaro Z28, gari lililojengwa kwa majivuno ya injini, lilipatwa na hayo hayo mwaka huo: California walipewa 305 na otomatiki.

Dalili zilikuwa zimeonekana mapema. Mwaka 1972 injini kubwa kuliko zote ya Corvette, LS5 ya inchi 454, iliuzwa kote ila California. Mwaka 1978 L48 iliandikwa farasi 185, lakini ya California na ya miji ya nyanda za juu ikaandikwa 175. Injini jina moja, gari moja, mwaka mmoja, nguvu mbili. Ukikutana na watu wawili wanabishana kuhusu farasi wa Corvette ya 1978, usiingilie, wote wanaweza kuwa na haki.

Haya, 305 yenyewe ni mnyama gani? Ni ndugu wa tumbo moja na 350. Pistoni zake husafiri umbali ule ule, milimita 88.4. Tofauti ni upana wa silinda: 94.9 kwa 101.6. Ndiyo maana ukifungua boneti huwezi kuzitofautisha kwa macho; bloku ni ile ile kwa nje, vifuniko vile vile, mahali pa kila kitu pale pale. Na ndiyo maana pia huwezi kuipanua 305 iwe 350. Kuta za silinda hazina nyama ya kutosha. Fundi akikuahidi kufanya hivyo, mlipe nauli yake arudi alikotoka.

Utauliza: lita 0.7 zimepotea, mbona farasi waliopungua ni 10 tu? Kwa sababu gari la California lilipewa vitu ambavyo wenzake wa 350 hawakuwa navyo. Badala ya menifoldi nzito za chuma cha kumimina, ekzosi ilianzia kwenye mabomba ya chuma yaliyopindwa, hewa chafu ikatoka kwa wepesi zaidi. Na ndani yake mlikuwa na kompyuta. Kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi kilikuwa kikiipelekea habari, nayo ikarekebisha kabureta kila mara, petroli iongezeke au ipungue. Mwaka 1980 hayo yalikuwa mambo mageni, na mafundi wengi waliyachukia kuliko walivyoichukia 305 yenyewe.

Ila tazama kilichofuata. Mwaka 1981 Chevrolet walichukua kompyuta hiyo na mabomba hayo wakayafunga kwenye 350, wakaiita L81, farasi 190, na hiyo ndiyo ikawa injini pekee ya Corvette kwa nchi nzima, California ikiwemo. Gia za mkono nazo zikarudi California. Gari la watu waliochekwa ndilo lililobeba mbegu. Shika hilo jina L81, tutalihitaji nikijibu swali lako la pili.

(Kwa kuwa tuko kwenye gari hilo: ukikaa ndani utaona spidomita inaishia maili 85 kwa saa, kama kilomita 137. Usidhani imebadilishwa nayo. Ilikuwa amri ya serikali ya taifa kwa magari mapya ya wakati huo, na inachekesha vile vile ukiwa na L82.)

Nikutoe California kidogo, maana hoja ya nini kilipatikana na nini hakikupatikana ina visa vitamu kuliko hiki.

Chukua 1967. Ukisoma orodha ya Corvette ya mwaka huo utakuta injini ya inchi 427, lita 7.0, kwa sura kadhaa. L71, yenye kabureta tatu za midomo miwili kila moja, iliandikwa farasi 435, na iliongezewa dola 437.10. Chini yake kuna L88, farasi 430, kwa dola 947.90. Mteja mwenye akili timamu anauliza: nilipe zaidi ya mara mbili ili nipunguziwe farasi watano? Ndivyo walivyotaka aulize. L88 ilikuwa injini ya mashindano, farasi wake wa kweli walipita 500, na Zora Arkus-Duntov, mhandisi wa Corvette, na wenzake hawakutaka kijana wa mjini ainunue aende nayo kutafuta wachumba. Kwa hiyo waliizungushia miiba. Ukiichagua, ulilazimika kuchukua breki za mashindano, springi ngumu, gia boksi ya M22 na vingine, kila kimoja na bei yake. Redio hupati. Hita hupati, hata kama unaishi Minnesota. Na petroli yake ilikuwa ya oktani ya juu sana, ambayo kituo cha kawaida hakikuwa nayo. Mwaka huo zilitengenezwa 20, kati ya Corvette 22,940. Mwaka 2014 moja ya hizo 20 iliuzwa kwenye mnada huko Scottsdale, Arizona, kwa dola milioni 3.85. Hita haikuwa imeongezwa.

Kwenye orodha ilikuwepo, basi, lakini mlango wake ulifungwa nusu. Mwaka 1970 jambo likapinduka: LS7 ya inchi 454 ilitajwa kwenye karatasi za mwanzo wa mwaka, watu wakaisubiri, na haikuuzwa ndani ya gari kwa mteja yeyote. Hadi leo wako wanaoapa kwamba jirani yao alikuwa nayo.

Na kinyume chake pia kilikuwepo, injini isiyo kwenye orodha yoyote ambayo mtu aliweza kuipata. General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, walikuwa na amri ya ndani katika miaka ya 1960: Corvette na magari makubwa ruksa, lakini Camaro na wenzake wasivuke inchi 400. Basi mteja wa Camaro akisoma orodha anaona mwisho ni 396. Lakini kampuni ilikuwa na dirisha la nyuma, utaratibu wa oda maalumu uliowekwa kwa ajili ya teksi, malori na magari ya polisi. Muuzaji mmoja wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, Fred Gibb, alipitia dirisha hilo mwaka 1969 akaagiza Camaro 50 zenye 427 ya ZL1, bloku na vichwa vyote vya aluminiamu. Jumla zikawa 69. Injini peke yake ilizidi dola 4,000, pesa ambayo wakati huo ungenunulia Corvette karibu nzima, na mengi ya magari hayo Gibb hakuweza kuyauza, akayarudisha. Sasa hebu fikiria mtu mwenye Camaro hiyo anavyobishana na mwenye orodha.

Kiyoyozi nacho kiliwanyima watu injini. LT-1 ya Corvette, ya inchi 350, iliyoanza mwaka 1970 na farasi 370, ilikuwa na tapeti ngumu, zile za kurekebishwa kwa spana, zisizojaa mafuta. Injini ya aina hiyo hupenda kuzunguka kwa kasi, na kasi hiyo huirusha mikanda ya kompresa. Kwa hiyo 1970 na 1971 ukitaka LT-1 unafungua dirisha. Na gia ni za mkono tu, otomatiki haikuwepo. Mwaka 1972 hatimaye wakaruhusu kiyoyozi, lakini wakakiwekea sharti: saa ya mizunguko ya gari lenye kiyoyozi ilichorwa mstari mwekundu kuanzia 5,600, badala ya 6,500. Injini ile ile, ila dereva ameambiwa aendeshe kistaarabu.

Na si kila mara sababu ilikuwa sheria au ukubwa. Mwaka 1965 Corvette ilikuwa na injini mbili za juu: 327 yenye mfumo wa kupuliza petroli, farasi 375, kwa dola 538, na 396 mpya yenye kabureta, farasi 425, kwa dola 292.70. Mpulizo wa petroli ulikufa mwaka huo huo. Huhitaji mtu akueleze kwa nini.

Turudi Sacramento. Utajuaje kama 305 hiyo ilizaliwa na gari lake?

Una bahati kwamba gari ni la 1980. Corvette za kabla ya 1972 namba yake ya chesisi haisemi lolote kuhusu injini, na huko ndiko udanganyifu ulikojaa: mtu ananunua gari la 327, anatafuta bloku ya 427, anabandika nembo kwenye boneti, na bei inapanda kama tui likichemka. Nililizwa hivyo mimi mwenyewe nikiwa kijana mwenye haraka. Nembo ilisema 427, nami nikaiamini kwa sababu niliitaka iwe kweli, na nyumbani nikagundua ni 350 ya kawaida. Kuanzia 1972 hadi 1980 herufi ya tano ya namba ya chesisi ndiyo inayotaja injini. Simama nje ya gari upande wa dereva, utazame kupitia kioo cha mbele, utaiona namba kwenye nguzo ya kioo. Itaanza 1Z87. Kinachofuata ndicho unachokitafuta. Ikiwa ni 8, gari lilizaliwa na L48. Ikiwa ni 6, lilizaliwa na L82. Ikiwa ni H, ni LG4, 305 ya California, na hapo mtumie mwenzako picha.

Usiishie hapo. H inakwambia gari lilizaliwa na 305, haikwambii kwamba 305 iliyomo ni ile ile. Fungua boneti, nenda upande wa abiria, mbele ya silinda hedi. Kuna kipande cha bloku kilicholainishwa, mara nyingi kimefunikwa na grisi. Kifute kwa kitambaa na petroli kidogo, usikisugue kwa msasa hata kidogo. Utakuta herufi na namba zilizogongwa: tarehe injini ilipounganishwa, alama ya aina yake, na tarakimu za mwisho za namba ya chesisi. Tarakimu zikilingana na za kwenye nguzo, umemaliza. Zisipolingana, uliza kwa upole nini kilitokea, na upunguze bei. Pia tafuta kibandiko cha moshi chini ya boneti. Cha gari lako kinatakiwa kitaje California na injini ya lita 5.0. Karatasi ya oda ya kiwandani iligundishwa juu ya tangi la mafuta, ukiikuta ni zawadi, lakini kulishusha tangi kwa ajili yake kabla hujanunua ni kumtesa muuzaji.

Ukiwa hapo, gonga gonga. Bodi ni faiba haioti kutu, lakini fremu ya chini na chuma kilichozunguka kioo cha mbele vinaoza, na kurekebisha hivyo kutakula pesa kuliko injini yoyote. Washa taa za mbele. Katika Corvette hii taa huinuliwa kwa nguvu ya mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Taa moja ikiamka kwa uvivu kama mtoto wa Jumatatu, kuna mpira umepasuka mahali, na mpira huo huo unaifanya injini ikose nguvu. Nusu ya watu wanaoilaani 305 wanalaani mipira ya miaka 40 na kataliti iliyoziba, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.

Sasa swali lako la 350. Ungekuwa na Corvette ya 1975 au ya nyuma yake ningekwambia fanya upendavyo, maana California haiyapimi moshi magari ya petroli ya miaka hiyo. Lako ni la 1980, litapimwa kila baada ya miaka miwili, na mpimaji hatapima moshi tu, ataangalia pia vifaa vyote kama viko mahali pake. Kubadilisha injini hakukatazwi. Masharti ni kwamba injini iwe ya mwaka wa gari au mpya zaidi, iwe imethibitishwa kwa California, ije na vifaa vyake vyote vya moshi kama ilivyokuwa kwenye gari ilikotoka, halafu gari likaguliwe na mwamuzi maalumu wa jimbo kabla ya kupimwa kama mengine. Kwa hiyo L48 ya 1980 kutoka Nevada hapana, haikuthibitishwa California. L82 hapana, sababu hiyo hiyo. Lakini L81 ya 1981 ni ya mwaka wa mbele, ni 350, iliuzwa California, na ina kompyuta ya ukoo mmoja na ya gari lako. Hiyo ndiyo njia iliyo wazi, mradi upate injini yenye kila bomba na kila waya wake. Sehemu za kuongeza nguvu kutoka madukani nazo lazima ziwe na namba ya kibali cha bodi ya hewa, na namba hiyo mpimaji ataitafuta.

Je, ningeiweka? Mimi nisingeiweka. Utatumia maelfu ya dola kupata farasi 10 wa kwenye karatasi, na utakuwa umeharibu kitu pekee kinacholipa gari hilo hadithi yake. Ukitaka kasi, tafuta gari zima lenye L82 la jimbo lingine na uijue mapema safari yake ya moshi. Ukitaka Corvette nzuri ya kutembelea Jumapili kwa bei isiyokutoa jasho, 305 iliyotunzwa na familia moja ni ununuzi mzuri, hasa kwa sababu watu kama mwenzako wanaicheka na bei inabaki chini.

Kilindini, mwanangu, sahau. Kenya hairuhusu kuingiza gari la matumizi ya kawaida lililozidi miaka 8, na usukani wa kushoto ni kikwazo cha pili. Ndoto hiyo iache Sacramento pamoja na gari.

Jambo la mwisho kabla hujatoa hata dola moja ya amana: kwa sheria ya California, cheti cha moshi cha mauzo ni wajibu wa muuzaji, na kiwe cha ndani ya siku 90. Akikwambia «utapima mwenyewe, gari linapita tu», mwambie basi alipitishe yeye. Halafu nenda na tochi, usome herufi ya tano. Ikiwa ni H, endelea. Ikiwa ni 8 na chini ya boneti kuna 305, mwenzako ameshinda, nawe rudi nyumbani.